Taa ya ABS haizimi, mkono wa breki unatetemeka: dalili za breki za pikipiki na chanzo chake, kwa madereva wa Kigoma

Kabla hujampa fundi ufunguo, washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi. Taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisifunge (lisiache kuzunguka) unapobana breki kwa nguvu, inatakiwa iwake. Ondoka taratibu. Kwenye pikipiki nyingi, ukifika mwendo wa km 5 hadi 10 kwa saa taa inazima yenyewe, maana yake mfumo umejipima na umejiona mzima. Nakuomba uzoee kuitazama kila asubuhi, kwa sababu matatizo mengi nitakayoyaeleza yanasomwa hapo kwanza. Je, taa iliwaka? Ilizima? Au ilizima kisha ikarudi njiani, na ilirudi ukiwa unafanya nini? Mteja anayejibu maswali hayo bila kubabaika, kazi yake imeshafika nusu kabla sijashika spana.

Uhakikishe kwanza kwamba ABS unayo. Bodaboda nyingi za hapa, zile za cc 100 hadi 150 zenye breki za dramu mbele na nyuma, hazina. India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazoendesha, ililazimisha ABS kwa kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 kuanzia tarehe 1 Aprili 2019, lakini hiyo ni sheria ya soko lao. Pikipiki ya jina lilelile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje inaweza kufika Kigoma bila mfumo huo. Stika iliyobandikwa kwenye madigadi si ushahidi. Chuchumaa utazame gurudumu la mbele: karibu na diski kuna pete nyembamba yenye meno au matundu, na mbele ya pete hiyo kuna sensa ndogo yenye waya unaopanda juu pamoja na mpira wa breki. Kisha tazama nyuma. Ukikuta pete na sensa mbele tu, ABS yako inalinda gurudumu la mbele peke yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Usiichanganye pia na breki zilizounganishwa, zile ambazo ukikanyaga breki ya mguu na ya mbele inashika kidogo. Hizo zinagawa nguvu ya breki tu. Gurudumu bado linaweza kufunga.

Mkono wa breki unatetemeka

Umebana breki kwa nguvu kwa sababu mtoto amekatiza barabara pale Mwanga sokoni. Mkono unakurudishia mapigo ya haraka vidoleni, na chini ya tangi kuna mlio wa tik-tik-tik. Huo si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe. Sensa inahesabu meno ya pete. Kompyuta ikiona gurudumu linataka kusimama wakati pikipiki bado inakwenda, inafungua vali, presha ya breki inapungua, gurudumu linapata kuzunguka, kisha presha inarudishwa. Hayo yanatokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na kila mara kidole chako kinapigwa.

Tatizo hapa huwa ni dereva. Wengi wakishapata mapigo hayo wanashtuka na kuachia mkono, na pikipiki inaenda kugonga kile walichokuwa wanakikwepa. Wengine walifundishwa zamani kubana na kuachia, kubana na kuachia, ili gurudumu lisifunge. Kwa pikipiki isiyo na ABS mbinu hiyo ilikuwa na maana yake. Kwa yenye ABS, kila unapoachia unajinyima breki, kwani mashine inaifanya kazi hiyo kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii. Bana kwa kuongeza nguvu haraka, usiukwapue mkono, na ukishabana endelea kubana mpaka usimame. Shika klachi, bana magoti kwenye tangi, macho yaangalie mbali pale unapotaka kupita.

Sasa, kuna kutetemeka kwa ugonjwa. Uko kwenye lami kavu, unabana taratibu tu, na mkono unadunda. Sikiliza mdundo wenyewe. Mdundo ukiwa wa polepole na unafuata mzunguko wa gurudumu, yaani ukipunguza mwendo nao unapungua, mara nyingi diski imepinda au imelika bila usawa. Ukiwa ni ule wa haraka, na unakuja zaidi pale unapokaribia kusimama, shuku sensa au pete: inasoma vibaya, na kompyuta inadhani gurudumu limefunga. Fundi anaweza kuchomoa fyuzi ya ABS na kujaribu taratibu sehemu isiyo na magari. Mdundo ukibaki, ni diski. Ukiondoka, rudi kwenye sensa. Na kabla ya kumkubali anayetaka kuichonga diski ili inyooke, soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chake: kuna unene wa chini unaoruhusiwa, umeandikwa kwa milimita. Diski iliyofika hapo inabadilishwa.

Taa haizimi, au inazima kisha inarudi

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko nyingine zote, na nataka kwanza nikutoe hofu. Taa ikiwaka, mfumo umejitoa kazini, lakini breki za kawaida zinabaki. Unaweza kufika nyumbani. Ila kuanzia dakika hiyo unaendesha pikipiki isiyo na ABS, na gurudumu la mbele litafunga ukilibana vibaya. Punguza mwendo, acha nafasi kubwa zaidi mbele yako, na usibebe mshikaki.

Chanzo chepesi kuliko vyote ni stendi kubwa. Umeipandisha pikipiki, umeweka gia ili ulainishe cheni au usikilize injini, gurudumu la nyuma likazunguka huku la mbele limetulia. Kwa mfumo wenye sensa mbili hiyo ni habari isiyowezekana, kwa hiyo unawasha taa. Tope la masika linafanya hivyohivyo pale gurudumu la nyuma linapozunguka papo hapo na pikipiki haisogei. Zima swichi, subiri kidogo, washa tena, ondoka. Ikizima, huna tatizo.

Cha pili ni betri. ABS ina pampu na kompyuta, vyote vinahitaji umeme wa kutosha, na umeme ukishuka chini ya kiwango chake mfumo unajizima. Pikipiki za mjini zimefungwa taa za urembo, spika, chaja ya simu, king'ora, na mara nyingi aliyefunga amechukua umeme kwenye waya wowote ulio karibu. Nimeona waya wa spika umeunganishwa kwenye njia ya fyuzi ya ABS. Kama taa inarudi usiku, au ukiwa umesimama muda mrefu na injini inanguruma taratibu, pima betri kabla hujagusa kitu kingine, na chomoa nyongeza zote ujaribu bila hizo.

Cha tatu ni uchafu. Kati ya sensa na pete kuna nafasi nyembamba, kwa kawaida karibu na milimita moja. Udongo wetu mwekundu ukilowa unajaza pale, ukikauka unaganda. Chembe za chuma zinazotoka kwenye diski na pedi nazo hunata kwenye sensa kwa sababu nyingi zina sumaku. Dawa yake ni kitambaa, maji ya sabuni na mswaki laini. Usiichokonoe kwa bisibisi, na pale kwenye kuosha magari mwambie kijana asielekeze mpira wa maji ya presha kwenye sensa.

Cha nne ni pancha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawaamini mpaka waone. Gurudumu limetolewa, tairi limefumuliwa kwa vyuma, na chuma kimoja kimeegemezwa juu ya ile pete. Pete ni bati jembamba, inapinda kirahisi. Dereva anaondoka, taa haizimi, analaumu umeme. Nyanyua gurudumu hewani, lizungushe polepole kwa mkono, na weka jicho kwenye nafasi kati ya sensa na pete. Nafasi inatakiwa ibaki ileile mzunguko mzima. Kijana mmoja wa Ujiji alikuja na tatizo hilo: kila gurudumu lilipozunguka, kipande kimoja cha pete kilisogea kikaigusa sensa, na juu ya plastiki palikuwa na mkwaruzo mweupe mpya. Umeme wake ulikuwa mzima kabisa. Wakati mwingine sensa yenyewe imerudishwa ikiwa na mchanga chini yake, au waya umebanwa na ekseli. Kwa hiyo mwambie fundi pancha mapema: "Kaka, hii ina pete ya ABS, laza gurudumu upande mwingine." Sentensi hiyo inaokoa fedha nyingi.

Kama unabeba chumvi kutoka Uvinza, angalia soketi za nyaya za ABS. Chumvi ikichanganyika na unyevu inakula chuma, na ndani ya soketi utakuta ukungu wa kijani. Pete nayo inapata kutu inayoziba meno. Safisha, kausha, na ukishusha mzigo osha pikipiki kwa maji mengi siku hiyohiyo.

Mwisho ni tairi. Ukibadilisha saizi upande mmoja, mbele ndogo nyuma kubwa tofauti na kiwanda, magurudumu yanazunguka kwa uwiano ambao kompyuta haikuutarajia. Upepo mdogo sana unaweza kuleta fujo ya namna hiyo. Saizi na presha sahihi zimeandikwa kwenye stika ya fremu au kwenye kitabu cha pikipiki.

Ukishapita yote hayo na taa bado inawaka, ni kazi ya kusoma kodi, yaani alama za kosa zilizohifadhiwa na kompyuta. Kuna pikipiki zinazotoa kodi kwa taa yenyewe kupepesa, nyingine zinahitaji mashine ya kupimia. Usinunue kitengo kizima cha ABS kwa kubahatisha. Ni ghali, na mara nyingi kosa liko kwenye sensa au waya.

Taa haiwaki kabisa ukiwasha swichi

Wengi wanafurahi wakiona hivi. Mimi inanitia wasiwasi kuliko taa isiyozima. Balbu imekufa, fyuzi imeungua, au mtu aliyekuuzia alikata waya wa taa ili usione ugonjwa. Unaponunua pikipiki iliyotumika, simama mwenyewe uiwashe swichi. Taa isipowaka, shusha bei au ondoka.

Ina ABS lakini tairi la nyuma linaserereka

Hapa ndipo tunarudia lile la pete ya mbele. Pikipiki nyingi za bei ya kati zina ABS ya gurudumu moja. Ukikanyaga breki ya mguu kwa hasira kwenye lami iliyolowa, nyuma itafunga na mkia utatoka, na mfumo hauna habari nayo. Haujaharibika. Dereva wa bodaboda aliyezoea dramu hutegemea mguu kuliko mkono, kwa sababu aliwahi kuangushwa na breki ya mbele. Mazoea hayo yanampotezea ABS aliyoilipia. Unapofunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Mkono ufanye kazi kubwa, mguu usaidie. Ukiwa na abiria na mzigo nyuma, mguu unapata nguvu zaidi, lakini mkono bado ndio mkuu.

Inachelewa kusimama

Tenganisha barabara na breki. Kwenye changarawe na mchanga, gurudumu lililofunga hulimbikiza udongo mbele yake na udongo huo unasaidia kusimamisha. ABS inalizuia lisifunge, kwa hiyo njia za vumbi za vijijini Buhigwe au Kakonko utasimama mbali zaidi kuliko unavyotarajia, ingawa utabaki wima. Baadhi ya pikipiki za safari zina kitufe cha kuzima ABS ya nyuma kwa ajili hiyo. Kama yako haina, breki yako kwenye changarawe ni kupunguza mwendo mapema. Km 60 kwa saa ni zaidi ya mita 16 kila sekunde, na sekunde hiyo ya kwanza inaisha kabla hata vidole havijabana. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Hakuna kompyuta inayobadilisha hesabu hiyo.

Kwenye rasta na matuta madogo yanayofuatana, tairi linarukaruka. Kila linapoacha ardhi linapoteza mshiko, ABS inaachia kidogo, na unahisi kama breki imekukimbia. Punguza mwendo kabla ya rasta, ukiwa bado kwenye lami laini. Na kwenye kivuko cha reli, hasa wakati wa mvua, maliza kufunga breki kabla ya kugusa vyuma, vuka reli kwa kuzikata moja kwa moja bila kulala. Chuma kilicholowa hakina mshiko wa kugawa.

Halafu kuna mawese. Madumu yanatoka vijijini yamefungwa nyuma ya pikipiki, kifuniko kimezibwa kwa nailoni, na kwa kila shimo tone linashuka. Yakidondoka barabarani, mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba inayatandaza pamoja na vumbi na oili ya miezi yote ya kiangazi. Dakika za mwanzo za mvua hiyo ni mbaya kuliko mvua kubwa ya baadaye iliyokwisha kuosha lami. Kwenye mteremko wa Mwanga kushuka kuelekea stesheni, mchirizi wa rangi ya machungwa katikati ya njia unaonekana wazi ukiutafuta. Pita pembeni yake.

Mawese yakidondokea tairi na diski yako mwenyewe, dalili ni hii: unabana kwa nguvu zilezile lakini breki ni laini, hailii, na diski ina mng'ao wa mafuta. ABS hapo inaweza isifanye kazi kabisa, kwa sababu gurudumu halifiki hata karibu na kufunga. Osha tairi kwa sabuni na maji ya moto. Diski isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti. Pedi zilizokwisha kunywa mafuta hazioshwi zikapona, badilisha. Na dumu lifungwe na kukaa wima ndani ya gunia au beseni.

Mkono unazama mpaka kwenye usukani

Hii haina subira. Usiendeshe. Tazama kwanza mafuta ya breki kwenye kikopo: yameshuka? Pedi zimekwisha au kuna panapovuja. Yapo ya kutosha lakini mkono ni laini kama sponji? Kuna upepo ndani ya mpira. Au yamezeeka.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na unyevu unashusha joto la kuchemka kwake. DOT 4 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka. Ikishavuta maji kiwango hicho ni nyuzi 155. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu na Buhigwe ziko juu zaidi ya mita 1,200, kwa hiyo anayeteremka kutoka huko akiwa amebana breki muda wote anaichemsha. Mvuke unajaa ndani, na mkono unazama katikati ya mteremko. Ukipata hivyo, shusha gia mojamoja, injini ikushikilie, kanyaga breki ya mguu, na simama pembeni mpaka ipoe. Teremka siku zote kwa gia ambayo ungepandia, na breki uzitumie kwa vipindi.

Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haitembei sana. Aina imeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4. Usikubali oili ya injini wala ya haidroliki, hata tone: inavimbisha mipira ya ndani, na kwenye ABS inaingia mpaka kwenye vali ambazo huwezi kuzifungua na kuzisafisha. DOT 5, ile ya silikoni, pia si ya ABS. Wakati wa kutoa upepo, kikopo kisikauke hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye kitengo cha ABS, kwenye baadhi ya pikipiki haitoki mpaka pampu iendeshwe kwa mashine ya kupimia.

Nilibana nikiwa nimelala kwenye kona, nikaanguka

ABS ya kawaida imetengenezwa kwa pikipiki iliyo wima. Kuna pikipiki kubwa zenye kifaa kinachopima ulalo na kurekebisha breki konani, lakini ni chache na ni za bei ya juu. Ukiwa umelala, tairi limeshatumia mshiko wake mwingi kukugeuza. Funga breki kabla ya kona. Ikitokea dharura katikati, inua pikipiki wima kwanza ndipo ubane.

Baada ya matengenezo

Usiijaribu barabarani kwenye magari. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kikavu, alfajiri, kofia ngumu kichwani, bila abiria. Anza kwa km 20 kwa saa, bana taratibu, hakikisha mkono ni mgumu na hauzami. Panda hadi 30, kisha 40, ukibana kwa nguvu zaidi kila mara mpaka uyapate mapigo ya ABS kwenye vidole. Yakija, endelea kubana mpaka usimame. Tazama taa: ikiwaka baada ya jaribio, rudi kwa fundi siku hiyohiyo ukamwambie iliwaka kwenye mwendo gani na ulikuwa umebana breki ipi.